Chuck Connors: mrefu wa sine aliyeanza upya zaidi ya mara moja

Safari hii tunawaletea maisha ya mtu ambaye wazee wengi waliopenda sine wanaweza kutambua sura yake kuliko jina lake. Ni Chuck Connors, yule mrefu wa filamu za makauboi.

Alizaliwa tarehe 10 mwezi wa nne 1921, katika mtaa wa Brooklyn, New York. Wazazi wake walikuwa wahamiaji toka kisiwa cha Newfoundland, ambacho leo ni sehemu ya Kanada. Baba alikuwa mpakuzi wa mizigo bandarini. Uchumi wa Marekani ulipoanguka, kazi ikakatika, na jamaa ikaona taabu.

Kijana akakua karibu mita 2. Wakati wa vita ya pili ya dunia alikuwa askari, akafundisha wenzake kazi ya vifaru. Nyuma ya vita akaishi kwa michezo. Mwaka 1946 aliingia Boston Celtics, timu ya baskete. Kisha akashika beisboli, ule mchezo wa kupiga mpira kwa fimbo. Lakini kwa Brooklyn Dodgers, timu ya kwao, alicheza mechi 1 tu, mwaka 1949. Mwaka 1951 alicheza mechi 66 na Chicago Cubs, halafu wakamshusha kwenye timu ndogo ya Los Angeles.

Kushushwa kule ndiko kulimfikisha mlangoni pa Hollywood. Mwaka 1952 alipewa nafasi ndogo katika filamu Pat and Mike. Alikuwa na miaka 31. Akaona kazi hii inaweza kumlisha, akaacha mpira.

Jina lilikuja na The Rifleman, mfululizo wa televisheni ulioanza mwezi wa tisa 1958 hata 1963, vipindi 168. Humo yeye ni Lucas McCain, mwanaume aliyefiwa na bibi yake, anayezunguka na mtoto wake Mark kutafuta udongo wa kuanza maisha. Mark alichezwa na Johnny Crawford. Katika kipindi kimoja cha mwanzo, hawajakaa hata kidogo, watu wa tajiri mmoja wa ng'ombe wanachoma nyumba yao, juu tajiri yule alizoea kulisha mifugo pale.

Kwa sisi wa Alimbongo, hii si sine. Tunapopita nyumba kwa nyumba kuandika mahitaji ya waliorudi toka Lubero na Butembo, ndivyo tunavyosikia: mabati yamekwenda, mlango umekwenda, na shambani mtu mwingine ameshapanda viazi. Tofauti ni kwamba Lucas anamaliza matata kwa karabini, na kipindi kinaisha kwa nusu saa. Huku kwetu hatujaona bado shamba ambalo bunduki ilimaliza matata yake. Bunduki inaleta mkimbio mwingine, na yule aliyeshinda leo, kesho naye anabeba godoro kichwani.

Vijana wetu wanaijua ile bunduki ya sine. Tungependa waone na kitu kingine kilicho mule: baba anayelea mtoto peke yake, anayejenga upya pale pale nyumba ilipoungua.

Baadaye Connors alicheza Branded, 1965 na 1966, hadithi ya ofisa wa jeshi aliyefukuzwa kwa uongo kwamba ni mwoga. Ikafuata Cowboy in Africa, 1967 na 1968, hadithi ya shamba la wanyama nchini Kenya, ijapokuwa sehemu kubwa ilipigwa picha California. Mwaka 1977 akacheza bwana mbaya wa watumwa katika Roots, kazi iliyoonyesha Wamarekani wengi namna Waafrika walivyouzwa na kuteswa kwao. Hata Brezhnev, mkubwa wa Urusi ya wakati ule, alipenda filamu za makauboi. Walikutana California mwaka 1973 wakakumbatiana mbele ya watu.

Connors alivuta sigara miaka mingi. Alikufa kwa kansa ya mapafu, Los Angeles, tarehe 10 mwezi wa kumi na moja 1992, akiwa na miaka 71. Aliacha watoto wanaume 4.

Kama wangemwacha Chicago, labda leo hakuna anayemkumbuka. Mtu anaweza kushushwa na bado akasimama, lakini anahitaji mahali pa kusimama. Ndiyo maana, wafadhili wetu, tunaomba mabati na misumari, na pia tunaomba nauli na chakula cha vikao ambamo wazee, majirani na shefu wanaketi pamoja kuonyesha mipaka na kupanda miti yake. Na wewe mwanamemba mwenye shamba lenye matata, usingoje. Leta karatasi uliyo nayo, na jirani anayejua mpaka, mbele watu hawajaanza kulima.