Josiah Spode, Mfinyanzi

Josiah Spode alizaliwa Staffordshire, Uingereza, mwaka 1733. Baba yake alikufa yeye akiwa na miaka 6 tu, akazikwa katika kaburi la maskini. Alipopata miaka 16 mtoto huyu aliingia kujifunza ufinyanzi kwa Thomas Whieldon, na baadaye akapata kiwanda chake mwenyewe mjini Stoke.

Siku zile sahani zilichorwa kwa mkono, moja moja, nazo zilikuwa ghali. Yapata mwaka 1784 Spode alifaulu kuzipiga chapa vizuri. Picha ilichongwa katika bamba la shaba, ikatiwa rangi ya buluu, ikapigwa juu ya karatasi nyembamba, na karatasi ikabandikwa juu ya sahani. Kisha sahani ilitiwa dawa ya kung'arisha, ikachomwa tanuuni. Picha haikufutika tena.

Alikufa mwaka 1797. Mwanawe alitoa sahani zenye wawindaji wa Bara Hindi juu ya tembo, na zama za Malkia Victoria viwanda vingi vilipiga picha za nchi za mbali. Leo watu huzikusanya na kuzitunza kabatini. Lakini yatima yule alizifanya ili zipakuliwe chakula.