Livingstone pale Kabambare: wafu wasiohesabiwa

Sisi wa Maniema ya kusini tunamkumbuka David Livingstone kama mmisionari na msafiri. Tunasahau kwamba alikuwa pia daktari, na kwamba maradhi ya kuambukiza yalimkuta hapa kwetu.

Alizaliwa Blantyre, Scotland, mwaka 1813. Tangu miaka 10 alifanya kazi katika kiwanda cha pamba. Mwaka 1840 alimaliza masomo ya udaktari, akawekewa mikono, na shirika la misioni la London likamtuma Afrika ya Kusini.

Septemba 1869 alifika Bambarre, ndiyo Kabambare ya leo, pamoja na wafanyabiashara wa pembe za ndovu. Mwaka 1870 vidonda vya miguu vilimzuia pale karibu siku 80. Januari 1871 msafara ulileta habari kwamba kipindupindu kimeua watu wengi sana Zanzibar na kinaingia bara. Katika kambi ndogo ya wageni pale Bambarre, maradhi yalikuwa yameua watu 30. Kuhusu wenyeji, Livingstone aliandika tu kwamba hesabu yao haijulikani.

Tukae kidogo hapo. Wageni walihesabu wafu wao. Kijiji kilichowapokea hakikuhesabiwa. Livingstone alichukia biashara ya watumwa, lakini alitembea na kula pamoja na walioifanya. Aliona kwamba kipindupindu, ambacho zamani kilibaki pwani, sasa kinaingia bara. Kilifuata njia za misafara. Hata mtu mwema anaweza kuwa ndani ya msafara unaobeba maradhi.

Leo misafara yetu ni pikipiki, malori na mitumbwi, kwenda sokoni, machimboni na hata kwenye mikutano ya kanisa. Mwenye kuhara asisafiri. Aende kituo cha afya mapema. Tuchemshe maji, tutumie choo, tunawe kwa sabuni. Mtu akifa kwa maradhi hayo, tumwite muuguzi kabla ya kuosha maiti. Na kila parokia iwajue wagonjwa wake, mkimbizi na mgeni pia, kwa maana Mungu alimdai Kaini habari za ndugu yake.

Livingstone alifariki mwaka 1873 kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Susi na Chuma, pamoja na wenzao, waliubeba mwili wake hadi pwani, ukazikwa London. Wafu wa Bambarre hatujui hata majina yao. Bwana atusaidie tusiwaache wengine hivyo. Amina.