John Williamson, mwanajiolojia aliyeufuata mchanga hadi Mwadui

Mwadui ni eneo lililoko katika wilaya ya Kishapu, mkoani Shinyanga, kaskazini mwa nchi jirani ya Tanzania. Mgodi wa almasi wa hapo unaitwa Williamson hadi leo, ingawa mwenye jina alifariki dunia mwaka 1958. Wengi humkumbuka kama tajiri. Kabla ya utajiri huo, hata hivyo, alikuwa mtafiti mwenye shahada ya uzamivu, aliyeishi miaka kadhaa kwa madeni akitafuta jibu la swali moja: almasi ndogo ndogo zilizokuwa zikiokotwa kwenye changarawe za Usukuma zilitoka wapi?

John Thorburn Williamson alizaliwa mwaka 1907 katika jimbo la Quebec, nchini Kanada. Alijiunga na Chuo Kikuu cha McGill mjini Montreal akikusudia kusomea sheria. Safari ya masomo huko Labrador ilimfanya abadili nia, akaingia katika jiolojia, na mwaka 1933 akatunukiwa shahada ya uzamivu. Ajira ya utafiti wa madini ilimleta Afrika, kwanza Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, kisha Tanganyika, iliyokuwa wakati huo chini ya utawala wa Uingereza. Huko alifanya kazi Mabuki, kusini mwa Mwanza, kwenye mgodi mdogo wa almasi. Kampuni iliyomwajiri ilipokata tamaa na kufunga shughuli zake, Williamson hakuondoka. Alichukua haki za utafiti na kuendelea kwa gharama zake mwenyewe.

Ili kuielewa kazi yake, ni lazima kwanza kuelewa namna almasi inavyofika juu ya ardhi. Almasi ni kaboni tupu, jamaa wa makaa na wa risasi ya penseli. Nyingi hutengenezwa katika kina cha zaidi ya kilomita 150, mahali penye joto kali na mgandamizo mkubwa. Zinapandishwa na milipuko ya volkano ya aina ya pekee, inayoacha ardhini mwamba uitwao kimberlaiti, jina lililotokana na mji wa Kimberley wa Afrika Kusini. Mwamba huo hukaa mithili ya karoti: mpana juu, mwembamba chini. Mvua na mito huumomonyoa, na almasi zake hutawanyika mbali na chanzo.

Almasi zenyewe ni adimu mno kuweza kumwongoza mtafiti. Kwa hiyo wanajiolojia hufuata madini mengine yanayosafiri nazo, hasa garneti nyekundu na ilmenaiti nyeusi. Mchanga huchotwa mahali pengi, huoshwa, na mashapo mazito yanayobaki huchunguzwa kwa lenzi. Punje zikizidi kuwa nyingi, chanzo kiko karibu. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya Williamson pamoja na vibarua wenyeji, kijito baada ya kijito, katika nchi tambarare ambako udongo mzito huficha kila kitu.

Haikuwa kazi ya kulisha mtu. Malaria ilimsumbua, fedha zikamwishia, na watu waliokuwa tayari kumkopesha walikuwa wachache. Miongoni mwa waliomwamini alikuwa I. C. Chopra, mwanasheria wa Mwanza mwenye asili ya Kihindi, ambaye baadaye alikuwa mbia wake katika kampuni. Mwezi Machi 1940, Vita Kuu ya Pili ikiwa imekwisha kuanza, almasi zilipatikana Mwadui. Simulizi za huko husema ilikuwa karibu na mbuyu. Vipimo vilivyofuata vilionyesha ukubwa wa jambo lenyewe: mwamba wa kimberlaiti wenye eneo la hekta 146 juu ya ardhi, mmojawapo wa mikubwa zaidi duniani kati ya ile iliyowahi kuchimbwa kwa faida.

Mwadui uliwapa wanasayansi jambo jingine. Katika migodi mingi ya kusini mwa Afrika, sehemu ya juu ya volkano imekwisha kumomonyoka. Mwadui, kreta ya kale imesalia, pamoja na matabaka ya udongo uliotuama ndani ya ziwa lililokuwa juu yake. Ndiyo maana mwamba huo hutajwa mara kwa mara katika masomo ya kimberlaiti.

Vita vilizidisha mahitaji ya almasi, na si kwa ajili ya pete. Hakuna madini ya asili yaliyo magumu kuliko almasi, hivyo zile zisizofaa kwa vito zilitumika kunoa vyuma vya mitambo, kutoboa miamba na kuvuta nyaya nyembamba. Mgodini zilitenganishwa na mawe mengine kwa njia rahisi ya kustaajabisha: almasi haipendi maji bali hunata kwenye grisi, kwa hiyo changarawe ilipitishwa pamoja na maji juu ya meza zilizopakwa grisi.

Mwezi Oktoba 1947 lilipatikana Mwadui jiwe la waridi lenye karati 54.5. Williamson alilitoa kuwa zawadi ya ndoa ya Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza. Lilichongwa London likabaki karati 23.6, na mwaka 1953 likawekwa katikati ya bruchi yenye umbo la ua. Kwa watafiti, rangi hiyo ni fumbo linaloendelea kuchunguzwa. Almasi ya manjano hupata rangi yake kutokana na naitrojeni, na ya buluu kutokana na boroni. Rangi ya waridi kwa kawaida huhusishwa na kupindika kwa mpangilio wa atomi wakati jiwe lilipobanwa likiwa bado chini ya ardhi.

Williamson alijenga mji mzima Mwadui: nyumba, shule, hospitali na mabwawa ya maji. Mji huo ulizungushiwa uzio na ulinzi mkali, na ulisimama juu ya ardhi ya Wasukuma kwa leseni iliyotolewa na serikali ya kikoloni ambayo wao hawakuichagua. Alivutana pia na wanunuzi wakubwa wa almasi duniani kuhusu bei, akikataa kuiuza kampuni yake kwa De Beers.

Hakuoa wala kuacha mtoto. Saratani ya koo ilimwondoa Januari 1958, akiwa na umri wa miaka 50, na alizikwa hapo hapo Mwadui. Katika mwaka huo huo warithi wake waliuza mgodi, nusu kwa De Beers na nusu kwa serikali ya Tanganyika. Jambo alilolikataa maishani lilitimia mara tu alipoondoka.

Miaka michache kabla ya kifo chake, watafiti wa kampuni ya General Electric nchini Marekani walikuwa wamefaulu kutengeneza almasi maabara, mwezi Desemba 1954. Leo almasi nyingi za viwandani hutengenezwa na binadamu. Kwa kuwa almasi hupitisha joto mara kadhaa kuliko shaba, hutumika pia kupoza vifaa vya elektroniki, na wanafizikia huitumia kupima sumaku dhaifu mno.

Mwadui bado inachimba. Mwezi Novemba 2022 ukuta wa bwawa la mabaki ya mgodi ulibomoka, na tope likafunika mashamba na nyumba za wakazi wa Kishapu. Williamson alipata jibu la swali lake la kijiolojia akiwa na umri wa miaka 33. Swali la nani anufaike na mwamba huo, na nani abebe hasara zake, wakazi wa Kishapu bado wanaliuliza.