Erlang, mwalimu wa Denmark aliyepima foleni ya simu

GOMA – Ingia katika ofisi ya kata ya Murara, komine ya Karisimbi, ambamo kompyuta kumi zinategemea seva moja inayotunza mafaili ya wote. Asubuhi mapema faili linafunguka mara moja. Saa nne, watu wote wakisha kaa kwenye mashini, kila kitu kinakwama. Mara nyingi wazo la kwanza ni kutafuta dola za kununua seva kubwa. Mtu aliyesaidia dunia kuelewa msongamano huo alifariki mwaka 1929, kabla ya kompyuta hizi kuwepo. Ni Agner Krarup Erlang.

Alizaliwa tarehe 1 Januari 1878 huko Lønborg, kijiji cha Denmark, ambako baba yake alikuwa mwalimu. Inasimuliwa kwamba jioni alisoma kitabu kimoja pamoja na ndugu yake: ndugu alikishika sawa, naye Agner alikaa upande wa pili akisoma maneno juu chini. Akiwa na miaka 14 alifaulu mtihani wa awali wa Chuo Kikuu cha Copenhagen, kisha akarudi kufundisha kwenye shule ya baba yake kwa miaka miwili. Alimaliza masomo ya hesabu mwaka 1901 na kuendelea na ualimu.

Mwaka 1908 aliajiriwa na kampuni ya simu ya Copenhagen. Swali lililoisumbua kampuni lilikuwa la pesa: iweke laini ngapi? Zikiwa chache, wateja wanakosa kupiga. Zikiwa nyingi, pesa inalala bure. Mwaka 1909 Erlang alitoa andiko lililoonyesha kwamba simu, hata zikipigwa ovyo ovyo, zinafuata kanuni inayoweza kuhesabiwa. Mwaka 1917 akatoa fomula za kukadiria simu zinazokosa laini na muda wa kungoja. Posta ya Uingereza nayo ilizitumia.

Hakukaa ofisini tu. Alionekana katika barabara za Copenhagen akifuatwa na kibarua mwenye ngazi, wakishuka katika mashimo ya nyaya ili apime umeme uliokuwa ukipotea. Hakuoa, na maskini waliomwendea walijua kwamba hutoa kimya kimya. Alifariki Copenhagen tarehe 3 Februari 1929, akiwa na miaka 51.

Kazi yake inaigusa Murara namna gani? Maombi ya mafaili hufika kwenye seva kama simu zilivyofika kwa kampuni ile: bila ratiba. Hesabu za foleni zilizojengwa juu ya kazi yake zinaonyesha kwamba njia ikiwa na shughuli nusu ya muda, ombi huchukua kwa wastani mara mbili ya muda ambao lingechukua likiwa peke yake. Ikifika asilimia 80, ni mara tano. Ikifika 90, ni mara kumi. Basi kuteremka kutoka 90 hadi 80 kunapunguza muda huo kwa nusu, bila kununua chochote.

Mzigo unapunguzwa kwa mambo madogo. Nakala za akiba zifanywe usiku. Masasisho ya programu yapakuliwe mara moja na kugawiwa ndani, si kila mashini ivute yake. Hapo hata mega zinabaki. Programu ya kukagua virusi isipitie folda ya pamoja kutoka kwenye kila kompyuta; seva yenyewe ijikague. Faili kubwa la video linakiliwe kwenye mashini, lifanyiwe kazi pale, kisha lirudishwe, ila wenzako wajue nani analo wasilibadilishe wakati huo huo.

Mwaka 1946, miaka 17 baada ya kifo chake, kamati ya kimataifa ya simu ilikubali kipimo cha mzigo kiitwe erlang: laini moja ikiwa na shughuli saa nzima bila kupumzika, hiyo ni erlang moja. Baadaye wahandisi wa kampuni ya Ericsson ya Sweden waliunda lugha ya kompyuta yenye jina hilo hilo. Ndiyo iliyotumika kujenga seva za WhatsApp, ambayo wakaaji wa Goma wanatumiana habari kila siku.