Darsa la leo: Salahuddin na farasi wake

Najua saa hizi umejilaza unangoja adhana ya Magharibi. Sikulaumu, jua ni kali. Nipe dakika mbili tu nikusimulie habari ya Salahuddin Ayyubi. Vita vyake unavijua, leo tuangalie mwili wake.

Alizaliwa Tikrit, Iraq, karibu mwaka 1138. Ujanani kule Sham alipenda mchezo wa kupiga mpira kwa fimbo ndefu juu ya farasi. Usidhani mpandaji amekaa tu anabebwa! Mapaja yanabana, tumbo linakaza, mgongo unafuata kila hatua ya mnyama. Asiyezoea akishuka, hata kutembea ni taabu.

Sasa sikia. Salahuddin hakuwa mtu wa afya imara, maradhi yalimrudia mara kwa mara. Kadhi wake, Ibn Shaddad, aliyekuwa naye kambini, anaeleza kwamba kule Akka majipu yalimtoka kuanzia kiunoni hadi magotini. Kukaa hawezi. Hemani alilala ubavu, hata kuandaliwa chakula akakataa. Lakini asubuhi mpaka Adhuhuri yuko juu ya farasi anawazungukia askari, na alasiri tena mpaka Magharibi. Alimwambia kadhi kuwa akishapanda maumivu humwacha, mpaka atakaposhuka. (Wewe mwenye majipu usijaribu, nenda kwa daktari.)

Maradhi hayo hayo yalimfanya akose baadhi ya funga za Ramadhani. Deni likaandikwa siku kwa siku. Je, wewe za mwaka jana umeshalipa? Mwenzio mwishoni mwa uhai wake, akiwa Baitul Maqdis, alianza kulipa. Tabibu akamlaumu kwamba mwili hauhimili. Hakumsikiliza, maana hakujua kesho ina nini. Akafunga zaidi ya mwezi mzima.

Mwezi wa Safar mwaka 589, yaani Februari 1193, alitoka Damascus juu ya farasi kuwapokea mahujaji. Hakupanda tena. Usiku ule homa ikamshika, na tarehe 4 Machi akafariki.

Katika hazina yake zilikutwa dirham 47 na sarafu moja ya dhahabu. Na farasi je? Inasimuliwa kuwa ilikuwa nadra Salahuddin kupanda farasi ambaye hajakwisha kumpa mtu, au kumwahidi.

Allah amrehemu. Futari njema.