Virginia Payne: Sauti ya mama iliyosikika miaka 27

UKISIMAMA pale Mugina asubuhi, kwenye mpaka wetu na Tanzania, utawaona akina mama wakivuka na katoni za sabuni kichwani. Kila nikiwaona namkumbuka mwanamke mmoja ambaye hakuwahi kufanya biashara ya sabuni, lakini kwa zaidi ya miaka 20 mshahara wake ulitokana na sabuni. Jina lake ni Virginia Payne. Alikuwa mwigizaji wa michezo ya redio huko Marekani, na amefariki siku nyingi, mwaka 1977.

Ndugu msomaji, huenda ukajiuliza mwalimu wa Mabanda amemjulia wapi Mmarekani huyo. Nilimjulia kambini.

Nilikuwa na umri wa miaka 12 tulipovuka mpaka mwishoni mwa mwaka 1993, baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye, Oktoba 21. Tulipokewa Tanzania, katika wilaya ya Kasulu, na huko ndiko nilikosomea, kwanza chini ya turubai, baadaye katika madarasa ya matofali ya udongo. Kiswahili nilikipata kwa wenyeji waliokuja kununua mahindi ya mgawo, na kwa redio. Mwaka huohuo wa 1993 Radio Tanzania ilikuwa imeanza kurusha mchezo wa Twende na Wakati. Jioni watu 20 au 30 tulizunguka redio moja, ambayo betri zake zilianikwa juani mchana kutwa ili zipate nguvu. Mkwaju, yule dereva wa lori asiyetulia, tulimchukia kama mtu tunayemfahamu, na mkewe Tunu tulimwonea huruma kama dada yetu.

Nilipofika sekondari, mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa na kanda chache za michezo ya zamani ya redio ya Marekani. Alitusikilizisha ili tuzoee matamshi. Katika kanda mojawapo alizungumza bibi mmoja kwa sauti ya taratibu, yenye upole, ya mtu aliyekwisha kuona mengi. Mwalimu akatueleza kuwa bibi huyo anaitwa Ma Perkins na kwamba aliyeanza kuitoa sauti hiyo hakuwa bibi hata kidogo, bali binti wa miaka ya ishirini, hajaolewa wala hajazaa. Darasa zima likacheka kwa kutoamini.

Virginia Payne alizaliwa na kukulia Cincinnati, katika jimbo la Ohio, na akasoma katika Chuo Kikuu cha mji huo. Cincinnati ndiko yaliko makao makuu ya kampuni ya Procter & Gamble, watengenezaji wa sabuni. Hiyo ilikuwa miaka ya mdororo mkubwa wa uchumi, mamilioni ya watu hawana kazi, lakini nguo zilikuwa hazina budi kufuliwa. Kampuni ikaona kwamba akina mama wako nyumbani mchana, mikono ina kazi lakini masikio hayana. Ikaamua kugharimia mchezo wa redio utakaokwenda sambamba na matangazo ya sabuni yake ya unga iitwayo Oxydol. Ni kutokana na wafadhili wa aina hiyo kwamba hadi leo Waingereza na Wamarekani huziita tamthiliya za mfululizo kwa jina la sabuni.

Mchezo wa Ma Perkins ulianza Agosti 14, 1933 katika kituo cha WLW cha Cincinnati. Ulipendwa haraka, na Desemba 4 mwaka huohuo ukahamia Chicago na kuanza kusikika nchi nzima kupitia mtandao wa NBC. Ulirushwa Jumatatu hadi Ijumaa, dakika 15 kila siku. Baadaye kuna miaka ulirushwa na mitandao yote miwili mikubwa, NBC na CBS.

Hadithi yenyewe ilikuwa nyepesi kueleweka. Ma Perkins ni mjane katika mji mdogo wa kubuni uitwao Rushville Center. Marehemu mumewe amemwachia biashara ya mbao, naye anaiendesha akisaidiwa na rafiki wa siku nyingi, Shuffle Shober. Ana watoto watatu: John, Evey na Fay. Majirani wanamletea matatizo yao, naye anawasikiliza na kuwashauri. Mjane anayebaki na biashara, madeni na watoto si habari ngeni kwetu. Soko letu linaendeshwa na wajane wa namna hiyo.

Kazi ya mwigizaji wa redio usiione rahisi. Hana uso wa kumsaidia, hana mavazi wala mandhari. Anasimama mbele ya kipaza sauti, karatasi za mchezo mkononi, akizifungua bila kuzikwaruza, kwa sababu kipaza sauti husikia kila kitu. Pembeni yuko mtu wa milio: anafunga mlango, anakanyaga changarawe, anamimina maji. Katika miaka mingi ya mchezo ule matangazo yalikwenda moja kwa moja hewani, hivyo neno likishatoka kinywani, limetoka.

Huko ndiko alikosimama Virginia Payne kwa miaka 27. Walioandika historia ya redio ya Marekani wanasema hakukosa kipindi hata kimoja. Umri wake ukapanda taratibu kumfuata yule bibi, mpaka wakakaribiana. Alipoalikwa kwenye hadhara alivaa nywele za bandia zenye mvi na miwani, kwa kuwa hakutaka mama aliyesafiri kutoka mbali kuja kumwona Ma Perkins akutane na mtu mwingine. Jina lililotangulia kutajwa redioni lilikuwa la sabuni, likafuatiwa na la Ma Perkins. Jina la Virginia Payne wasikilizaji wengi hawakulijua.

Hata hivyo, asidhani mtu kwamba alikuwa mnyonge asiyejua haki yake. Waigizaji wa redio walipojiunga na kuunda chama chao, naye alikuwemo, na mwishoni mwa miaka ya 1950 alichaguliwa kuwa rais wa chama cha taifa cha waigizaji na watangazaji wa redio na televisheni, AFTRA. Mbele ya kipaza sauti alikuwa bibi mpole wa kijijini, na kwenye meza ya majadiliano alikuwa kiongozi wa wafanyakazi.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nisimsahau.

Mwaka 1944, vita ya pili ya dunia ikiendelea, waandishi wa mchezo waliamua kwamba John, mtoto wa kiume wa Ma Perkins, afe vitani. Hadithi ikasema amezikwa mahali fulani Ujerumani, kaburi lisilo na alama. Barua nyingi zikamiminika za wasikilizaji waliolalamika kwamba habari hiyo ni nzito mno. Lakini fikiria ni akina nani waliokuwa wakisikiliza. Ni akina mama ambao watoto wao walikuwa vitani kweli, wengine wakiwa wamekwisha kupokea habari ya msiba bila mwili wala kaburi. Mwanamke waliyemsikia kila siku kwa miaka 11, aliyewafariji wengine wote, naye sasa alikuwa amefiwa kama wao.

Mwalimu alipotusimulia hayo, darasa lilinyamaza. Hakuna aliyecheka tena.

Nilikuwa na kaka. Aliuawa katika siku zile za Oktoba 1993, na tulikimbia bila kumzika. Mpaka leo hatujui alipolala. Marehemu mama hakulia njiani, wala hakulia kambini. Alipika, alichota maji, alipanga foleni ya mgawo. Miaka ikapita. Jioni moja, katika mchezo mmoja wa redio, mama wa kwenye mchezo aliletewa habari za kifo cha mwanawe. Mama yangu akaweka chini sufuria aliyokuwa ameishika na kulia mbele ya watu wote, kilio cha miaka kadhaa. Hakuna aliyemnyamazisha. Wanawake wenzake walisogea wakakaa naye, na redio ikaendelea kusema hadi betri zikaisha.

Mimi kijana niliona aibu, nikidhani analilia hadithi ya uongo. Ni habari ya Ma Perkins na mwanawe John iliyonifumbua macho. Mama alikuwa analia msiba wake mwenyewe, ila alihitaji mtu mwingine aanze. Tangu hapo sijawahi kuidharau kazi ya mwigizaji. Na nimetambua pia kwa nini kutokosa kipindi lilikuwa jambo kubwa. Mgeni hawezi kukuanzishia kilio. Anayeweza ni yule aliyekuwa nyumbani kwako jana, juzi na mwaka juzi.

Baada ya vita televisheni iliingia, na wafadhili wakaifuata. Mwaka 1956 Procter & Gamble waliacha kuugharimia mchezo wa Ma Perkins, ukaendelea kwa wafadhili wengine miaka minne zaidi. Ijumaa, Novemba 25, 1960, CBS ilifunga siku moja michezo yake yote ya mfululizo ya mchana iliyokuwa imebaki. Cha Ma Perkins kilikuwa kipindi cha 7,065.

Mwisho wa kipindi hicho Virginia Payne alibaki mbele ya kipaza sauti. Aliwashukuru wasikilizaji na wenzake aliofanya nao kazi, akalitaja jina lake mwenyewe kwamba ndiye aliyekuwa Ma Perkins wakati wote. Kisha akasema atakayependa kumwandikia atajitahidi kumjibu, na barua hizo zije kwa jina la Ma Perkins. Aliendelea kuigiza kwa miaka mingine, na akafariki mjini kwao Cincinnati Februari 10, 1977.

Nilirudi nyumbani, nikapewa darasa, na sasa wanafunzi wangu wengi hawajui maana ya kuanika betri. Wanatazama michezo kwenye simu. Lakini wazazi wao ukiwatajia Umubanyi niwe Muryango, mchezo wa Kirundi uliotungwa na Marie-Louise Sibazuri na kurushwa na Studio Ijambo kuanzia miaka ya 1990, nyuso zao hubadilika. Wanakumbuka nani alimkosea nani, na nani alisamehe. Ukiwauliza majina ya waigizaji, wengi hawana la kusema.

Sauti hizo zilitufikia wakati mbaya kuliko yote, sisi tuliokuwa kambini na wale waliobaki nchini. Baadhi ya wenye sauti wangali hai, na huenda mmoja wao amepanga foleni pamoja nawe pale Mugina. Ndugu msomaji, ukiitambua sauti yake, msalimie na umuulize jina lake. Virginia Payne alingoja hadi kipindi cha 7,065 kulitaja lake. Hawa wetu tusiwangojeshe.