Burito: Chifu wa Butiama katika nchi isiyokuwa na machifu

Na Mwandishi Wetu, Butiama

JINA la Nyerere linajulikana duniani kote, lakini ni wachache wanaokumbuka kwamba mwenye jina hilo wa kwanza hakuwa Rais wa kwanza wa Tanzania. Alikuwa baba yake, mzee wa Kizanaki aliyetawala Butiama kwa miaka 27 chini ya wakoloni wa aina mbili.

Chifu huyo alizaliwa yapata mwaka 1860, wakati nchi ilipovamiwa na viwavi walao mazao. Kwa Kizanaki kiwavi huyo huitwa nyerere, naye mtoto akapewa jina la balaa hilo, kama ilivyo desturi ya makabila mengi ya Mara. Burito lilikuwa jina la baba yake. Hivyo wanaomwita Chifu Burito, na ndivyo wengi wamwitavyo, kwa kweli wanamwita kwa jina la mzazi wake.

Wazanaki wa enzi hizo hawakuwa na mtawala mmoja. Mambo yao yaliamuliwa na wazee wa koo na wa rika, na heshima kubwa ilikuwa kwa waganga wa mvua, ambao ukame ukizidi ndio waliotafutwa. Jirani zao wa Ikizu, katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Bunda, walikuwa na utemi uliofungamana na mvua. Uzanaki haukuwa na kiti cha namna hiyo.

Wajerumani hawakuweza kuvumilia hali hiyo. Serikali iliyotaka kodi, vibarua na wapagazi ilihitaji mtu mmoja wa kumwita na wa kumlaumu. Mahali pasipokuwa na chifu, walimtengeneza. Mwaka 1915, Vita Kuu ya Kwanza ikiendelea, Burito alishika uchifu wa Butiama akiwa na umri wa takriban miaka 55.

Mwaka uliofuata, Julai 1916, majeshi ya Uingereza yaliiteka Mwanza na utawala wa Kijerumani ukatoweka katika ufuko huu wa ziwa. Machifu wengi waliowekwa na Wajerumani wangeweza kupotea nao. Burito alibaki. Waingereza walimthibitisha, na Gavana Donald Cameron alipoleta sheria ya utawala wa wenyeji mwaka 1926, machifu wa aina yake wakawa watumishi rasmi: walikusanya kodi, walisikiliza mashauri barazani na kupokea amri kutoka boma la Musoma.

Hapo ndipo ugumu wa nafasi yake ulipokuwa. Kwa mkuu wa wilaya alikuwa mkono wa serikali. Kwa Wazanaki alikuwa mzee miongoni mwa wazee, aliyepewa madaraka ambayo mila haikuyatambua. Amri pekee isingemtosha, na mzee wa namna hiyo hupimwa pia kwa ukubwa wa mji wake. Wa Burito ulikuwa mkubwa: wake 22 na watoto 26. Mke wa tano, Mgaya wa Nyang'ombe, aliyezaliwa mwaka 1892 na kuolewa akiwa binti mdogo, alimzalia watoto wanane. Mmoja wao, Kambarage, alizaliwa Aprili 13, 1922.

Mtoto huyo alichunga mbuzi hadi umri wa miaka 12. Inasimuliwa kwamba chifu mmoja, rafiki wa Burito, alivutiwa na ustadi wa kijana huyo katika mchezo wa bao akamshauri baba ampeleke shule. Waingereza nao walitaka watoto wa machifu wasome. Mwaka 1934 Burito alimruhusu kwenda Shule ya Mwisenge mjini Musoma, karibu kilomita 40 kutoka nyumbani, na baadaye Tabora.

Burito hakuuona mwisho wa safari hiyo. Alifariki dunia Machi 1942, mtoto huyo akiwa bado mwanafunzi Tabora. Uchifu haukwenda kwake bali kwa kaka yake wa mama mwingine, Edward Wanzagi, na yeye mwaka uliofuata akaingia Makerere, Uganda. Desemba 1943 alibatizwa kwa jina la Julius.

Wanzagi alikuwa angali hai wakati Bunge la Tanganyika lilipofuta madaraka ya machifu mwaka 1963. Rais wa Jamhuri iliyokifuta kiti alichokalia Burito alikuwa Julius, mtoto wa Mgaya. Mama huyo alifariki mwaka 1997, na kaburi lake liko Mwitongo, Butiama, karibu na la mumewe. Mtoto wao alizikwa hapo hapo Oktoba 1999.